Mfadhili Asiyelipa: Ukaaji wa Kudumu Marekani na Deni la Mshahara

Miongoni mwa maswali yanayowafikia mapadre kutoka kwa waamini wetu wanaoishi na kufanya kazi nchini Marekani, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la kitubioni. Mtu aliitwa na mwajiri, mwajiri huyo akamwombea ukaaji wa kudumu, yaani ile kadi ambayo wengi huiita kadi ya kijani, kadi ikapatikana. Kisha mshahara ukaanza kuchelewa, ukapunguzwa bila maelezo, na hatimaye miezi ikapita pasipo malipo. Sasa anauliza: nikiondoka, nitakuwa nimemdanganya aliyenileta? Serikali itaninyang'anya kadi? Je, ni dhambi?

Haya ni maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. La kwanza ni la dhamiri, la pili ni la sheria, la tatu linahitaji yote mawili. Yanapochanganywa kuwa hofu moja, mfanyakazi huendelea kuamka alfajiri kwenda kazini kwa mtu asiyemlipa, huku akiamini kwamba anatimiza wajibu wa Kikristo.

Ugumu huongezeka pale mwajiri anapokuwa mtu wa nyumbani. Wapo watoto wa Afrika Mashariki waliojenga huko biashara za kutunza wazee na wagonjwa majumbani, na wengi wao ni waajiri waadilifu ambao wamefungulia jamaa nyingi mlango wa riziki. Lakini mwajiri wa namna hiyo asipolipa, mfanyakazi hukutana naye Jumapili kwenye Misa ya Kiswahili, huchangia naye harusi na misiba, na pengine wanatoka parokia moja. Akitamka neno la kuondoka, simu hupigwa nyumbani. Wazee huketi, mama mzazi hulia, na mwishowe husemwa ile methali ya shukrani ya punda kuwa ni mateke. Methali hiyo ina hekima yake, ila katika shauri hili aghalabu huelekezwa kwa asiyehusika. Punda aliyebeba mzigo miezi minne bila majani hajapiga teke akienda kutafuta malisho.

Nadhani sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu wenyewe. Mwajiri anayemwombea mgeni kibali tunamwita mfadhili, na neno hilo limebeba fadhila ndani yake. Mfadhili ni mtu wa kushukuriwa. Anatoa bila kudaiwa. Mara tukishamwita hivyo, mshahara nao huanza kuonekana kama sehemu ya ukarimu wake, kitu anachoweza kutoa leo na kuzuia kesho. Sheria ya Marekani haimtazami hivyo. Katika hati za uhamiaji, mwajiri ndiye mwombaji: anaiambia serikali kwamba ana nafasi ya kazi ya kudumu na anamhitaji mtu huyu aijaze. Katika kazi nyingi za namna hii hutakiwa kwanza kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba alitangaza nafasi hiyo na hakupata raia au mkazi mwenye sifa, aliye tayari kuifanya. Manesi na wataalamu wa tiba ya viungo wamesamehewa hatua hiyo ya kutafuta wenyeji kwanza, kwa kuwa serikali yenyewe imekwisha kukiri kwamba wana uhaba. Lakini kwa wote, manesi wakiwamo, mwajiri huahidi kulipa kiasi kisichopungua kile kinacholipwa kwa kawaida kwa kazi hiyo katika eneo hilo.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni hili: katika ombi lake, mwajiri hutakiwa kuonyesha kwa nyaraka za fedha kwamba ana uwezo wa kulipa mshahara huo, tangu siku ombi lilipopokelewa hadi mfanyakazi anapopata ukaaji wa kudumu. Kwa maneno mengine, kabla mfanyakazi hajaahidi lolote, mwajiri alikwisha kuahidi mbele ya serikali. Mtu akisema, "Nilikuletea kadi, vumilia mshahara," anabadilisha masharti ya jambo aliloliandika na kulitia sahihi. Hata hoja ya gharama za wakili, ambayo husikika mara nyingi, ina mipaka yake: kwa kazi zinazopitia hatua ile ya Wizara ya Kazi, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2007 inamtaka mwajiri abebe mwenyewe gharama za hatua hiyo, pamoja na ada ya wakili wake, wala asizirudishe mgongoni mwa mfanyakazi.

Je, kadi inaweza kunyang'anywa? Mwajiri hana uwezo huo. Ukaaji wa kudumu ukishatolewa ni wa mtu aliyepewa, na kuuondoa ni kazi ya serikali peke yake, kwa njia ya mchakato wa kisheria na kwa sababu zilizowekwa. Barua ya hasira kutoka kwa mwajiri haiwezi kuufuta. Hakuna pia kifungu cha sheria kinachotaja idadi ya miezi ambayo mtu lazima akae kwa mwajiri aliyemwombea. Miezi sita, mwaka, miaka miwili: hizi ni tahadhari za mawakili, nazo zina maana, lakini si amri ya sheria. Kinachotazamwa ni nia. Siku kadi ilipotolewa, je, mfanyakazi alikusudia kweli kuifanya kazi ile, na mwajiri alikusudia kweli kumwajiri? Mtu aliyekuwa na nia njema, akafika kazini, akafanya kazi, kisha akaondoka kwa kuwa hakulipwa, hajadanganya. Sababu ya kuondoka ilizaliwa baada ya ahadi, tena ilizaliwa upande wa pili.

Bunge la Marekani lenyewe halikuona kwamba kifungo hiki ni cha milele. Tangu mwaka 2000 sheria inamruhusu mtu ambaye ombi lake la kubadili hadhi akiwa ndani ya nchi limekaa siku 180 au zaidi bila kuamuliwa, ahamie kwa mwajiri mwingine katika kazi ya aina ileile au inayofanana nayo, hata kabla ya kupata kadi. Ikiwa anayesubiri anaweza kuhama, sembuse yule aliyekwisha kupewa?

Historia ya karibuni inafundisha zaidi kuliko vifungu. Mwezi Aprili 2006, manesi 10 waliotoka Ufilipino waliacha kazi katika nyumba moja ya matunzo mjini Smithtown, Long Island, jimboni New York. Walilalamika kwamba ahadi walizopewa walipoajiriwa hazikutimizwa, yakiwamo mambo ya malipo. Mwaka uliofuata walishtakiwa kwa jinai, pamoja na wakili aliyewashauri, kwamba waliwahatarisha wagonjwa. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwapo watoto waliotegemea mashine za kupumulia. Shtaka hilo si dogo. Nesi yeyote anajua kwamba kuna wakati ambapo kuondoka kitandani pa mgonjwa ni kuua. Lakini ilidhihirika kwamba manesi hao walimaliza zamu zao kwanza ndipo wakajiuzulu, na kwamba wagonjwa walipata watu wa kuwahudumia. Januari 2009 mahakama ya rufani ya New York ilizuia mashtaka hayo yasiendelee. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, yale ya mwaka 1865 yaliyokomesha utumwa: kumtisha mtu kwa gereza kwa kuwa ameacha kazi ni kumrudisha kwenye utumishi wa kulazimishwa.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Brooklyn aliamua kesi ya manesi wengine wa Ufilipino ambao mikataba yao iliwatishia kulipa hadi dola 25,000 wakiondoka kabla ya muda. Alisema kwamba faini hiyo haikuwa fidia ya hasara bali ni adhabu isiyotekelezeka, kwamba waajiri hawakulipa mshahara waliouahidi, na kwamba kutumia faini hiyo kuwashikilia watu kazini kulivunja sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda waathirika wa biashara haramu ya binadamu. Ndugu msomaji anaweza kushangaa kuona jambo la mkataba wa nesi likiwekwa katika fungu moja na biashara ya binadamu. Sheria hiyo hairuhusu kumlazimisha mtu afanye kazi kwa vitisho vya kuzitumia vibaya taratibu za kisheria, na tishio la "nitakushtaki Uhamiaji" laweza kuingia humo.

Tena Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ilikwisha kuliona jambo hili mwaka 1944, katika kesi ya mtu wa Florida aliyepokea dola tano kama malipo ya awali kisha hakufanya kazi, akahukumiwa kama mhalifu. Mahakama iliitengua sheria iliyomtia hatiani, ikifafanua kwamba kwa kawaida ngao ya mfanyakazi dhidi ya saa nyingi kupita kiasi, ujira duni na manyanyaso ni uhuru wake wa kubadili mwajiri. Mwajiri anayejua kwamba mtu wake hawezi kuondoka hana tena sababu ya kumlipa vizuri. Hiyo si siasa. Ni maelezo sahihi ya moyo wa mwanadamu baada ya dhambi ya asili.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yalifika hapo mapema. Papa Leo XIII, katika Waraka wake "Rerum Novarum" wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolia hadi mbinguni ikidai kisasi, akiitegemeza hoja yake juu ya Waraka wa Mtakatifu Yakobo, sura ya tano. Alisema pia kwamba ipo haki ya asili iliyo juu ya makubaliano yoyote na yenye umri kuliko mkataba wowote, hata mfanyakazi akiwa amekubali masharti mabovu kwa kuogopa mabaya zaidi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika "Laborem Exercens" ya tarehe 14 Septemba 1981, aliuita ujira wa haki kipimo halisi cha haki ya mfumo mzima wa uchumi, na alipozungumzia wahamiaji alisisitiza kwamba mgeni asiwekwe katika hali duni kuliko wafanyakazi wengine wa nchi ile kwa habari ya haki za kazi. Si bahati kwamba Baba Mtakatifu aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, mzaliwa wa Chicago, alieleza kuwa alichagua jina la Leo hasa kwa sababu ya Leo XIII na waraka wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema wazi kwamba ujira wa haki ni tunda halali la kazi, na kwamba kuunyima au kuuzuilia kwaweza kuwa dhuluma kubwa. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, hupima jambo hili kwa jua: kibarua alipwe kabla halijatua, awe ndugu au mgeni.

Hata hivyo, kwa shauri hili naona Maandiko yana kisa kinachofaa kuliko aya zote hizo, nacho ni cha Yakobo na Labani. Yakobo alifika Harani akiwa mkimbizi, bila mali. Aliyempokea alikuwa mjomba wake, mtu wa damu yake, aliyempa makao, kazi na hata jamaa. Alitumika miaka 20, 14 kwa ajili ya binti za Labani na sita kwa ajili ya kundi, na mwenyewe anasema kwamba ujira wake ulibadilishwa mara 10. Alipoondoka, Labani alimfuatia mwendo wa siku saba, akamfikia katika milima ya Gileadi, akadai kwamba wake, watoto na wanyama, vyote anavyoviona, ni vyake. Kila anayepiga simu nyumbani kulalamika kwamba "bila mimi asingekuwa na kitu" anakariri hoja ya Labani bila kujua. Na Mungu alisimama upande gani? Alimtokea Labani usiku akamwonya. Wala Maandiko hayamfanyi Yakobo kuwa malaika. Aliondoka kwa siri, na katika msafara wake Raheli alikuwa ameiba vinyago vya baba yake. Anayeondoka kwa mwajiri asiyelipa aache funguo, aache mafaili ya wagonjwa, asihame na wateja wa mwajiri kwa hila. Dhuluma aliyotendewa haimpi ruhusa ya kubeba vinyago.

Ipo pia hali ambayo dhamiri haiwezi kuipita haraka. Biashara ndogo ya kutunza wazee hungoja malipo ya serikali au ya bima, na malipo hayo huchelewa. Mwajiri anayewaita watu wake, akawafungulia vitabu, akawaeleza kwamba wiki mbili hizi ni ngumu, tena yeye mwenyewe hajajilipa, si sawa na yule anayenunua gari jipya huku hesabu za saa za ziada zikipotea. Wa kwanza bado anadaiwa, na deni lake halifutwi na unyoofu wake. Lakini anastahili kusikilizwa na kuvumiliwa kwa kiasi. Kwa upande mwingine, yupo mfanyakazi aliyelipwa kila senti, aliyepanga tangu mwanzo kwamba siku kadi itakapofika atatoweka. Huyo asijifiche nyuma ya Rerum Novarum. Katekisimu inafundisha kwamba ahadi hutimizwa na mikataba huheshimiwa kadiri ilivyofanywa kwa haki, na yeye alitoa ahadi ambayo hakuwa nayo moyoni.

Kanisa nalo ni mwajiri, na katika baadhi ya majimbo ya Marekani ni mwombaji wa vibali kwa mapadre, watawa na wahudumu wengine wa dini. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki duniani, ilikiri kwamba anayethubutu kuwahubiria wengine haki lazima aonekane mwenye haki machoni pao, ikawataja waziwazi wanaolitumikia Kanisa na riziki wanayostahili kupata. Parokia inayomsifu katekista kwa moyo wa kujitolea ilhali ilimwahidi posho isiyotoka, au inayomwita mpishi "mama yetu" ili asidai, haina pa kusimama inapomkemea mwenye kampuni ya Dallas.

Kuhusu kudai kilichozuiliwa, wengi huondoka na kuacha fedha zao nyuma wakidhani ndiyo bei ya amani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 juu ya viwango vya kazi inalinda kima cha chini cha mshahara, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25 kwa saa, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi. Na inataka saa zinazopita 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu kwa wafanyakazi inaowahusu. Anayeshinda dai lake chini ya sheria hiyo anaweza kulipwa mara mbili ya kilichozuiliwa, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kuwa amelalamika. Lakini muda ni mfupi: miaka miwili tangu kila siku ya malipo iliyopitwa, au mitatu ikithibitika kwamba mwajiri alikusudia. Mshahara ulioahidiwa juu ya kima hicho hudaiwa kwa sheria za jimbo au za mkataba, na muda hutofautiana. New York, kwa mfano, hutoa miaka sita. Mwenye shauri la namna hii amwone wakili wa uhamiaji na wa kazi kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, na mahali pengi Mashirika ya Misaada ya Kikatoliki ya majimbo yana ofisi za msaada wa kisheria kwa wahamiaji zenye gharama nafuu.

Kutunza karatasi kuna sababu nyingine pia. Kwa kawaida mkazi wa kudumu anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, na siku ya mahojiano afisa anaweza kurudi nyuma na kuuliza kadi ilipatikanaje, kazi ilifanywa kwa muda gani, na kwa nini iliachwa. Mwenye hati za mshahara, taarifa za benki zinazoonyesha miezi isiyoingia kitu, ujumbe aliomwandikia mwajiri akidai, na nakala ya barua ya kuondoka iliyotaja sababu, ana jibu. Aliyeondoka kimyakimya kwa aibu, akijaribu kuilinda sifa ya aliyemdhulumu, atabaki na maneno yake tu.

Na wazee wetu hapa nyumbani, ambao simu itawafikia tena: kabla ya kumwita kijana wa watu asiye na shukrani, wamwombe aliyepiga simu ataje tarehe ya mwisho aliyomlipa mshahara, na kiasi. Akizitaja, kikao kiendelee na pande zote mbili zisikilizwe. Akianza kusimulia habari za nauli ya ndege, wazee watajua shauri limefikia wapi.